Karakana Ndani ya Kompyuta: Uigaji na Maamuzi ya Viwanda Vidogo

Mwenye karakana ndogo ya useremala amepata zabuni ya kutengeneza madawati 300 ya shule. Muda aliopewa ni siku 30 za kazi, na mkataba unasema kwamba akichelewa atatozwa faini. Karakana yake ina msumeno mmoja wa mviringo na mashine moja ya randa, zote mbili za umeme. Umeme ukiwapo, mafundi wake hukamilisha madawati 12 kwa siku. Usipokuwapo, hawakamilishi hata moja. Kwa uzoefu wake, umeme hukosekana siku moja katika kila siku sita. Basi anachukua kalamu na kukokotoa. Katika siku sita atafanya kazi siku tano, yaani madawati 60. Wastani wake ni madawati 10 kwa siku. Na siku 30 ni madawati 300 kamili. Hesabu imetoka sawasawa, naye anatia sahihi.

Karakana hiyo ni ya mfano tu, ingawa anayepita Keko jijini Dar es Salaam hatakosa kuona nyingi zinazofanana nayo, na wakati wa kampeni ya kitaifa ya madawati ya mwaka 2016 mikataba ya namna hiyo iliwafikia mafundi wengi. Hesabu ya mwenye karakana haina kosa hata moja la tarakimu. Hata hivyo amejiingiza katika hatari ambayo hesabu yake haikumwonyesha, kwa sababu wastani humweleza mtu kile kinachotokea kwa jumla ya siku nyingi, lakini haumwelezi mwezi wake mmoja utakuwaje. Faini hutozwa kwa mwezi huo mmoja.

Jaribio la dadu

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani bila kifaa chochote isipokuwa dadu za kawaida. Kila mwanafunzi na awe mwenye karakana. Arushe dadu mara 30, kila mrusho ukihesabiwa kuwa siku moja ya kazi. Ikitokea 1, umeme umekatika na hakuna kilichofanyika. Ikitokea namba nyingine yoyote, madawati 12 yamekamilika. Maadam madawati 300 yanahitaji siku 25 zenye umeme, mwanafunzi atakayepata 1 mara sita au zaidi atakuwa amechelewa na kutozwa faini.

Katika darasa la wanafunzi 40, watakaochelewa watakuwa kama 15. Idadi hiyo haitakuwa ileile kila mara. Darasa moja laweza kupata 11 na jingine 19, wala hapana ajabu katika hilo. Wanafunzi waliokwisha kujifunza nadharia ya uwezekano wanaweza kuikokotoa hatari hiyo kwa kanuni, nao wataona kwamba ni takriban 38 katika 100. Kwa maneno mengine, mtu ambaye karatasi yake ilimwambia kuwa siku 30 zinatosha barabara, kwa kweli alikuwa karibu na kucheza kamari.

Darasa na lirudie jaribio hilo kwa muda wa siku 33 badala ya 30. Sasa mwanafunzi huruhusiwa kupata 1 mara nane bila kuchelewa. Hatari inashuka kutoka 38 hadi kiasi cha 9 katika 100. Siku tatu tu, ambazo pengine zingeweza kuombwa kwa maneno mawili wakati wa kujadili mkataba, zimeondoa zaidi ya robo tatu za hatari. Hili ndilo jambo ambalo mwenye karakana alihitaji kulijua kabla ya kutia sahihi.

Walichokifanya wanafunzi hao ni uigaji. Wametengeneza kielelezo cha shughuli fulani, kisha wakakiendesha kielelezo hicho mara nyingi badala ya shughuli yenyewe, ili waone mambo yanayoweza kutokea na kila moja hutokea mara ngapi. Fundi cherehani hukata karatasi kwanza kabla ya kugusa kitambaa cha mteja, kwa kuwa karatasi ikiharibika hapana hasara. Uigaji kwa kompyuta unafuata busara hiyohiyo, isipokuwa kinachokatwa hapa ni siku, saa na maamuzi.

Chanzo cha mbinu hii

Kuigiza bahati ili kupata jibu la hesabu ni wazo la zamani, lakini nguvu yake ilianza kuonekana baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa wa ubongo. Alipitisha muda kwa kucheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa mchezo kufaulu ni kiasi gani. Alijaribu kuupata kwa kanuni, lakini hesabu ilikuwa ndefu mno. Ndipo akafikiri kwamba ingekuwa rahisi zaidi kuucheza mchezo mara mia moja na kuhesabu mara ulizofaulu. Alimweleza mwenzake John von Neumann, na baada ya muda mfupi wazo hilo likatumiwa katika hesabu za fizikia ya nyuklia kwenye kompyuta ya ENIAC, mashine yenye vali zaidi ya 17,000 iliyojaza chumba kizima. Mbinu ikapewa jina la Monte Carlo, mtaa wa Monaco uliokuwa mashuhuri kwa kamari. Inasemekana mjomba wa Ulam alikuwa na mazoea ya kukopa fedha za kwenda kucheza huko.

Kutoka kwenye maabara mbinu hii iliingia viwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Keith Tocher, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya chuma ya United Steel nchini Uingereza, alitunga programu ya kuiga mitambo ya kiwanda. Katika miaka ya 1960 Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl wa Oslo, Norway, walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula kwa ajili ya kazi kama hizo. Inafaa wanafunzi wanaojifunza kuandika programu wajue kwamba lugha kama C++ na Java zimerithi mawazo yake makuu kutoka Simula. Yaani lugha ambazo leo hutumika kwa kila kitu zilichipuka kutokana na haja ya kuiga mambo ya dunia ndani ya mashine.

Wakati huo kompyuta ilikuwa chombo cha kampuni kubwa na serikali, na kwa hiyo uigaji ukazoeleka kuwa mali ya wakubwa. Mazoea hayo yamedumu kupita sababu yake. Kwa hakika mdogo ndiye anayeuhitaji zaidi. Kiwanda kikubwa kina mashine za akiba, ghala lililojaa na fedha benki, navyo humkinga anapokosea. Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu viwanda na biashara ndogo ilihesabu kuwa kiwanda kidogo ni kile chenye wafanyakazi 5 hadi 49. Katika kiwanda cha watu saba, mashine moja ikisimama shughuli yote husimama.

Wafanyakazi wawili wanaotegemeana

Umeme ni chanzo kimoja tu cha mambo kutokuwa sawa. Kingine, ambacho aghalabu hakionekani, ni kutegemeana kwa hatua za kazi. Chukua mkataji wa mbao na muungaji. Kila mmoja kwa siku anaweza kufanya kazi ya dawati 1 hadi 6, kama dadu inavyoonyesha, na wastani wa kila mmoja ni 3.5. Je, wawili hao kwa pamoja watatoa madawati mangapi kwa siku? Watu wengi hujibu 3.5.

Tuseme wanaanza bila akiba yoyote kati yao. Siku tano za mkataji zimetoa 2, 6, 3, 1 na 5. Siku tano za muungaji zimetoa 5, 2, 6, 4 na 3. Siku ya kwanza muungaji ana nguvu ya kuunga matano, lakini amepata mbao za mawili tu. Anaunga mawili na kukaa. Siku ya pili zimefika mbao za sita, naye siku hiyo anaweza mawili tu. Za manne zinabaki. Siku ya tatu zinaongezwa za matatu, zinakuwa za saba, anaunga sita. Siku ya nne kuna akiba ya moja na mpya ya moja. Anaunga mawili ilhali angeweza manne. Siku ya tano anapokea za matano na kuunga matatu. Jumla ni madawati 15, na mbao za mawili zimebaki sakafuni. Mkataji alifanya kazi ya madawati 17 na muungaji alikuwa na uwezo wa 20, lakini karakana imetoa 15.

Hapana aliyefanya uvivu. Siku mbaya ya mkataji humzuia muungaji, lakini siku nzuri ya mkataji haimsaidii muungaji aliye katika siku mbaya yake. Hasara hupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na faida hukwama njiani. Wanafunzi wanaweza kuandika jozi zote 36 za dadu mbili, wakachukua namba ndogo katika kila jozi na kutafuta wastani: watapata 91 kugawanya kwa 36, yaani takriban 2.53. Hiyo ndiyo pato la siku ya kwanza kwa wafanyakazi wawili wenye wastani wa 3.5 kila mmoja. Wakiwa watatu mfululizo, bila akiba kati yao, pato hilo hushuka hadi 2.04 hivi. Akiba ya kazi kati ya hatua hupunguza hasara hii, lakini akiba nayo ni mbao zilizolipiwa ambazo bado hazijauzwa.

Msimamizi asiyelijua jambo hili huona madawati 15 pale alipotarajia 17, naye huanza kuwakaripia mafundi. Katika viwanda vidogo, ambamo mwenye mali na fundi hushinda pamoja chini ya paa moja, lawama za namna hiyo huvunja ushirikiano upesi.

Foleni mbele ya mashine

Mfano mwingine ni mashine ya randa inayohudumia kazi za wateja mbalimbali. Kazi moja hufika kila baada ya dakika 60 kwa wastani, na kila kazi huchukua dakika 50 kwa wastani. Kwa hesabu ya juu juu, mashine ina dakika kumi za kupumzika katika kila saa na foleni haipaswi kuwapo. Na kweli, kama kazi zingefika kwa saa iliyopangwa na kila moja ikachukua dakika 50 kamili, hakuna ambayo ingesubiri. Lakini wateja huja wapendapo, na kazi hutofautiana.

Mhandisi wa Denmark, A. K. Erlang, aliyekuwa akichunguza simu za mji wa Copenhagen, alitoa mwaka 1909 makala ya kwanza ya nadharia ya foleni. Kwa kanuni zilizotokana na kazi yake na ya waliomfuata, ikiwa kufika kwa kazi na muda wa kuzifanya ni vya kubahatisha kabisa, kila kazi hapo itasubiri wastani wa dakika 250, yaani zaidi ya saa nne, kabla ya kuguswa. Msumeno wa randa ukipoteza makali kidogo na kazi ikachukua dakika 55 badala ya 50, kusubiri hupanda hadi dakika 605. Ukinolewa vizuri na kazi ikachukua dakika 40, kusubiri hushuka hadi dakika 80. Tofauti ya dakika 15 kwenye mashine imekuwa tofauti ya karibu saa tisa kwa mteja. Mashine inapokaribia kutumika muda wote, foleni haikui kwa ulinganifu, hufumuka.

Kwa nini basi kanuni hizo zisitoshe? Kwa sababu zinatawala hali nyepesi. Zikiongezwa hatua tatu za kazi, fundi mmoja anayehudumia mashine mbili, mapumziko ya adhuhuri, umeme unaokatika, na mteja mkubwa ambaye kazi yake hupitishwa mbele ya wengine, kanuni hushindwa au hugeuka kuwa kazi ya bingwa wa hisabati. Uigaji hauogopi msongamano huo. Kila jambo huandikwa kama lilivyo, kisha kompyuta huachiwa kuliishi.

Yanayotendeka ndani ya mashine

Programu ya uigaji ina sehemu chache tu. Kwanza ni hali ya karakana kwa wakati fulani: mashine ipi inafanya kazi, ipi imelala, na mbele ya kila moja zinasubiri kazi ngapi. Pili ni orodha ya matukio yajayo, kama vile kufika kwa mteja au kumalizika kwa kuranda. Tatu ni saa ya kubuni. Saa hii haitembei dakika kwa dakika. Huruka kutoka tukio moja hadi linalofuata, kwa kuwa katikati hakuna kinachobadilika. Kompyuta hulichukua tukio la karibu zaidi, hubadilisha hali ya karakana, huongeza matukio mapya kwenye orodha, kisha huruka tena. Mwezi mzima wa karakana huisha kabla mtu hajapepesa jicho.

Badala ya dadu kompyuta hutumia namba nasibu. Kwa kuwa mashine hutii amri tu na haiwezi kubahatisha, namba hizo hutengenezwa kwa kanuni. Kanuni moja nyepesi ni hii: chukua namba, zidisha kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, na baki ndiyo namba mpya. Ukianza na 7 utapata 6, kisha 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15 na kuendelea, mpaka namba zote kuanzia 0 hadi 15 zitakapokwisha kutokea na mzunguko kuanza upya. Asiyeijua kanuni huona namba zimechanganyika ovyo. Programu za kweli hutumia kanuni zenye mizunguko mirefu mno, lakini msingi ni huohuo, na zina faida ambayo dadu haina: ukianza na namba ileile ya mwanzo unapata mwezi uleule. Hivyo mwenye karakana anaweza kuujaribu mpango wa kwanza na wa pili katika siku zilezile za kukatika umeme, akawa na hakika kwamba tofauti aliyoiona imetokana na mpango wala si bahati.

Kurudia ndiko kunakoleta usahihi, ingawa kwa bei kali: ili usahihi uongezeke mara kumi, sharti jaribio lirudiwe mara mia. Darasa la watu 40 linaweza kukadiria hatari ya kuchelewa kuwa popote kati ya 23 na 53 katika 100. Kompyuta ikiuigiza mwezi huo mara 10,000, makadirio hayatapita mbali na 38 kwa zaidi ya moja hivi.

Chumba cha kukaushia

Sasa na irudiwe karakana ya madawati. Tuseme mwenyewe ameikubali hoja ya uigaji na sasa anafikiria kuchukua mkopo ili anunue mashine ya pili ya randa. Anaamini kwamba randa ndiyo inayomchelewesha, maana ndiyo yenye kelele na ndipo mafundi wanaposongamana. Anayetengeneza kielelezo humwuliza maswali mengi: mbao hupita wapi, hukaa muda gani, nani huzigusa. Swali mojawapo ni hili: dawati likishapakwa vanishi huenda wapi?

Huenda chumba cha nyuma, ambamo mna nafasi ya madawati 24. Wakati wa kiangazi hukauka kwa siku moja. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, tuseme hukaa siku tatu. Hapa inatumika kanuni ambayo John Little wa Marekani aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyomo mahali ni sawa na kasi ya kuingia kwavyo mara muda ambao kila kimoja hukaa. Chumba cha nafasi 24 kwa siku moja moja hupitisha madawati 24 kwa siku, ambayo ni mengi kuliko mafundi wawezayo kuyatoa. Kwa siku tatu tatu hupitisha 8 tu. Madawati 300 kwa kasi ya 8 yanahitaji zaidi ya siku 37, hata kama umeme haukukatika dakika moja.

Kwa hiyo mkataba uleule ni jambo moja ukitiwa sahihi mwezi wa Julai na ni jambo jingine kabisa ukitiwa sahihi mwezi wa Machi. Mashine ya pili ya randa, ikinunuliwa kwa mkopo wenye riba, wakati wa masika haitaongeza hata dawati moja. Itaharakisha tu kujaa kwa chumba cha nyuma. Vichanja vya mbao vya kupanga madawati kwa tabaka mbili vingeongeza nafasi hadi 48, na pato la juu la chumba lingekuwa 16 kwa siku, hata wakati wa mvua. Hapo kizuizi kingehama na kurudi kwenye umeme, na swali lingine lingeanza: je, kukodi jenereta kunalipa?

Swali hilo nalo lina hesabu yake. Faini ikiwa shilingi 1,000,000 na hatari ya kuchelewa ikiwa 38 katika 100, hasara ya kutarajiwa ni kama shilingi 380,000. Kukodi jenereta kwa mwezi kukigharimu shilingi 500,000 pamoja na mafuta, wastani unasema jenereta isikodiwe. Lakini hapa ndipo wastani unapodanganya kwa mara ya pili. Mwenye viwanda ishirini anaweza kuufuata, maana hasara za huku zitafidiwa na faida za kule. Mwenye karakana moja halipi shilingi 380,000 hata siku moja: ama halipi kitu, ama analipa milioni nzima, na milioni hiyo huenda ndiyo mtaji wa mbao za mwezi ujao na mishahara ya mafundi. Kompyuta inaweza kumwonyesha ukubwa wa hatari. Kiasi anachoweza kukivumilia anakijua yeye.

Daftari kabla ya kompyuta

Kazi ngumu katika uigaji haimo ndani ya mashine. Imo katika kujua muda halisi wa kila hatua. Fundi akiulizwa kuranda huchukua muda gani, hutaja muda wa siku njema. Siku ambayo mkanda ulikatika na vipuri vikatafutwa hadi jioni huitoa katika hesabu, akiihesabu kuwa ajali, ilhali siku hizo ndizo zinazoamua iwapo mkataba utatimizwa. Kwa hiyo huhitajika daftari lenye safu za kuanza, kumaliza na sababu ya kusimama, lijazwe kwa majuma kadhaa, na mafundi waelezwe wazi kwamba halitatumiwa kuwaadhibu. Daftari la mahali ambapo watu wanaogopa hujazwa namba za kumridhisha bwana.

Kielelezo kikishatungwa, hujaribiwa kwa mambo yaliyopita. Kikipewa mazingira ya mwezi uliopita, je, kinatoa pato linalokaribiana na lile la kweli? Kisipotoa, hakifai kuulizwa habari za mwezi ujao, hata kama michoro yake kwenye kioo inapendeza. Tanzania imeionja hali ya kuitegemea mashine kabla ya kuandaa taarifa na watu: matatizo ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta yalichangia marufuku ya kuingiza kompyuta nchini ya mwaka 1974.

Hata jaribio la dadu lililotangulia lina upungufu wa namna hiyo. Dadu haikumbuki mrusho uliopita, lakini umeme wakati mwingine hukumbuka: wakati wa mgao, siku za giza hufuatana. Wastani waweza kubaki uleule, siku moja katika sita, na bado mwezi mbaya ukawa mbaya zaidi kuliko dadu ilivyoonyesha. Mwanafunzi mwenye ari anaweza kulirekebisha jaribio, kwa mfano kwa kugawa mwezi katika vipindi 15 vya siku mbili mbili, dadu ikirushwa mara moja kwa kila kipindi na ikitokea 1 umeme ukose siku zote mbili. Alinganishe matokeo na ya kwanza.

Vyombo vyenyewe leo si adimu. Programu ya kawaida ya majedwali, ambayo hupatikana karibu katika kila ofisi yenye kompyuta, ina amri ya kutoa namba nasibu, nayo yatosha kwa karakana yenye hatua mbili au tatu. Kwa mifano mikubwa zaidi ipo lugha ya Python pamoja na nyongeza yake iitwayo SimPy, na vyote viwili hutolewa bure. Kinachopungua ni watu wa kuunganisha pande mbili: wanaojua kuandika programu aghalabu hawajawahi kusimama mbele ya randa, na wanaoijua randa hawajaambiwa kwamba maswali yao yana mahali pa kujaribiwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limeshughulika kwa miaka mingi na mitaji, mashine na mafunzo. Huduma ya uigaji ingekaa vizuri kando ya hayo, hasa kabla ya mkopo wa mashine kutolewa.

Shule za sekondari zinaweza kuanza bila kungoja. Karibu na shule nyingi ipo karakana ya samani, kinu cha kusaga nafaka au tanuri la mikate. Wanafunzi watatu, kwa ruhusa ya mwenyewe, wakikaa hapo asubuhi kadhaa na saa moja ya mkononi na daftari, watapata takwimu za kutosha kujenga kielelezo cha kwanza kwa dadu, na baadaye kwa kompyuta ikiwapo. Kinu kinafaa zaidi kwa kuanzia, kwa kuwa mashine ni moja, foleni inaonekana kwa macho, na kila debe hufika na mtu anayeweza kuulizwa amesubiri tangu saa ngapi.